Kumbukumbu za Faini za Barabarani: Namna ya Kuziomba na Kuzisoma

Utangulizi

Dereva anapoegesha gari mahali palipokatazwa, askari humwandikia hati ya faini. Hati hiyo hutaja tarehe, saa, mahali, namba ya gari, aina ya kosa na kiasi cha fedha kinachodaiwa. Dereva huiona kuwa hasara, na mhasibu wa jiji huihesabu katika mapato. Mwanasayansi naye aweza kuitazama kama kipimo, kwa kuwa imeandikwa na mtu aliyekuwapo mahali maalumu, kwa saa maalumu, akieleza jambo aliloliona. Hati hizo zikikusanywa kwa maelfu, huonyesha mengi kuhusu jinsi mji unavyoendeshwa.

Hata hivyo, vipimo hivyo havikukusanywa kwa ajili ya sayansi. Vilikusanywa kwa ajili ya kudai fedha, navyo hukaa katika kompyuta za ofisi ya serikali. Mtafiti anayetaka kuvitumia hana budi kujua mambo mawili: namna ya kuviomba, na namna ya kuvisoma bila kudanganyika. Makala haya yanayaeleza mambo hayo kwa kutumia hasa mfano wa jiji la Chicago, katika jimbo la Illinois, Marekani, ambako kumbukumbu za faini zimeombwa, zimechunguzwa, na hata kugombewa mahakamani.

Haki ya kuomba

Wazo kwamba raia aweza kudai kuona maandishi ya serikali si geni. Sweden ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1766. Marekani ilipata sheria yake ya serikali kuu mwaka 1966, na sheria ya jimbo la Illinois ilianza kutumika mwaka 1984. Sheria ya Illinois huhusu pia serikali za mitaa, yaani majiji, miji na wilaya.

Chini ya sheria hiyo, mwombaji huandika barua kwa ofisi inayotunza kumbukumbu. Kwa kawaida ofisi hupewa siku 5 za kazi kujibu, nayo yaweza kujiongezea siku 5 nyingine ikiwa ina sababu zinazokubalika kisheria. Mwombaji hawajibiki kueleza kwa nini anazitaka kumbukumbu hizo, ila pale inapohitajika kujua kama ni za biashara au kama anaomba kusamehewa ada. Ofisi ikikataa, hutakiwa kukataa kwa maandishi na kutaja kifungu inachokitegemea. Mwombaji asiyeridhika aweza kupeleka shauri lake kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo au mahakamani.

Sheria hiyo ina mipaka miwili ambayo kila mtafiti yampasa kuikumbuka. Kwanza, ofisi hulazimika kutoa kumbukumbu iliyo nayo. Hailazimiki kutunga mpya wala kujibu maswali. Anayeuliza, "Je, ni mtaa gani unaotozwa faini nyingi kuliko yote?" aweza kuambiwa kwamba hakuna hati yenye jibu hilo. Anayeomba hati zenyewe zote za mwaka mmoja aweza kuhesabu na kupata jibu mwenyewe. Pili, mambo ya siri ya mtu binafsi huondolewa. Katika Illinois, namba ya gari la mtu binafsi ni mojawapo ya mambo hayo.

Ombi lililoandikwa vema

Ombi hafifu husema: "Naomba taarifa zote kuhusu faini." Karani hajui aanzie wapi, na ofisi yaweza kudai kwamba kazi hiyo imezidi uwezo wake. Ombi zuri hutaja aina ya kumbukumbu, kipindi, mambo yanayotakiwa katika kila hati, na umbo la kuletewa. Mfano wake ni huu:

"Naomba nakala ya kumbukumbu za hati za faini za maegesho zilizotolewa kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Desemba 2015. Kwa kila hati naomba tarehe na saa, mahali, aina ya kosa, kiasi cha faini, idara ya aliyeiandika, na kama imelipwa, imefutwa au inadaiwa. Naomba ziletwe katika jedwali linaloweza kufunguliwa kwa kompyuta. Majina na anwani za wenye magari hayahitajiki."

Sentensi ya mwisho ina faida kubwa. Inalinda heshima ya watu wengine, na papo hapo inaondoa sababu moja ya ombi kukataliwa.

Yaliyopatikana Chicago

Mnamo mwaka 2016 mtafiti mmoja wa data, Matt Chapman, alitumia sheria hiyo kupata kumbukumbu za faini za maegesho za Chicago. Alipozipanga kwa mahali, aliona sehemu moja ya mtaa wa State iliyokuwa na hati nyingi kupita kiasi. Ilibainika kwamba vibao vya maegesho ya teksi mahali hapo viliwachanganya madereva. Baada ya vibao kurekebishwa, faini za mahali hapo zilipungua kwa kiasi cha nusu. Kosa lililodhaniwa kuwa la madereva lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kosa la kibao.

Mwaka 2018 shirika la habari la ProPublica na redio ya WBEZ walichunguza hati za jiji hilo kwa mamilioni. Jambo moja walilolifuatilia lilikuwa stika ya jiji, ambayo mkazi mwenye gari hutakiwa kuinunua. Mwaka 2012 faini ya kukosa stika ilikuwa imepandishwa kutoka dola 120 hadi dola 200. Uchunguzi ulionyesha kwamba mapato hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa, bali madeni ndiyo yaliyolimbikizana, hasa katika vitongoji vya watu weusi wenye kipato kidogo. Mtu aliyeshindwa kulipa faini aliongezewa adhabu, na deni likikua aliweza kunyang'anywa leseni ya udereva. Bila leseni alishindwa kwenda kazini, na bila kazi alishindwa kulipa.

Mwezi wa Januari 2020 ilitiwa saini sheria ya jimbo la Illinois iliyokomesha kufungia leseni kwa sababu ya faini za maegesho zisizolipwa. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Watu wengi waliipigania kwa njia nyingi, lakini hoja zao zilitiwa nguvu na hesabu zilizotokana na hati za jiji lenyewe.

Ugomvi juu ya majina ya safu

Kumbukumbu za faini za Chicago hutunzwa katika hifadhidata iitwayo CANVAS. Kila hifadhidata ina majedwali, na kila jedwali lina safu zenye majina yake, kama vile "tarehe" au "aina ya kosa". Mwaka 2018 Chapman aliomba orodha ya majedwali na safu za CANVAS. Hakuomba yaliyomo ndani yake. Sababu yaeleweka: asiyejua ghala lina vyumba gani hawezi kutaja anachokitaka kutoka ndani yake.

Jiji lilikataa, likisema kwamba orodha hiyo ingehatarisha usalama wa mfumo. Mahakama ya mwanzo na ile ya rufani zilimpa ushindi mwombaji. Lakini mwezi wa Mei 2023 Mahakama Kuu ya Illinois iliamua kinyume. Ilisema kwamba sheria inautaja mpangilio wa mafaili miongoni mwa mambo yasiyolazimika kutolewa, na kwamba jiji halikuhitaji kuthibitisha hatari yoyote.

Uamuzi huo haukufunga kumbukumbu za faini, ila uliongeza ugumu wa kuziomba kwa usahihi. Mtafiti aliyezuiwa njia hiyo bado ana njia nyingine. Aweza kuomba fomu tupu ya hati ya faini, maana kila nafasi ya kujazwa katika fomu yaelekea kuwa na safu yake katika kompyuta. Aweza pia kusoma majibu waliyopewa waombaji waliomtangulia, au kuanza kwa kuomba hati za siku moja tu, azitazame, kisha aandike ombi kubwa akiwa na ujuzi.

Hatari ya kufumba namba ovyo

Mtafiti aweza kutaka kujua kama gari moja limetozwa faini mara nyingi, ingawa hana haja ya kulijua gari lenyewe. Ofisi nyingine hutatua jambo hili kwa kugeuza namba ya gari kuwa namba ya fumbo kwa njia ya hesabu maalumu. Namba ileile hutoa fumbo lilelile daima, lakini fumbo haligeuzwi moja kwa moja kuwa namba.

Njia hiyo haitoshi. Mwaka 2014 jiji la New York, likijibu ombi la namna hii, lilitoa kumbukumbu za safari za teksi zaidi ya milioni 170 za mwaka 2013. Namba za teksi zilikuwa zimefumbwa, lakini mtaalamu mmoja wa kompyuta alizifumbua kwa muda mfupi.

Sababu yake yaweza kuelezwa darasani. Namba ya gari yenye tarakimu tatu na herufi tatu, kama zile za Tanzania zinazoanza na T, haiwezi kupita idadi hii:

10 × 10 × 10 × 26 × 26 × 26 = 17,576,000

Kompyuta inayofumba namba milioni moja kwa sekunde huzimaliza zote kwa sekunde 18 hivi. Anayejua hesabu iliyotumika hutengeneza orodha ya mafumbo yote, kisha hutafuta analolitaka. Njia iliyo salama zaidi ni kulipa kila gari namba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambayo haina uhusiano wowote wa hesabu na namba yake halisi.

Kusoma bila kudanganyika

Hati za faini huhesabu faini, wala hazihesabu makosa. Kosa ambalo hakuna askari aliyeliona halimo. Kwa hiyo mtaa wenye hati nyingi waweza kuwa na madereva wakaidi, au magari mengi, au doria nyingi.

Chukulia mfano wa kubuni. Mtaa wa A una hati 600 kwa mwezi, na mtaa wa B una hati 200. Kwa kutazama idadi tu, A una makosa mara tatu ya B. Lakini doria ya A ilikuwa ya saa 300, na ya B saa 50. Basi A ulipata hati 2 kwa kila saa ya doria, na B ulipata hati 4. Hukumu imegeuka kwa kuongeza kigawanyo kimoja. Ndiyo maana mtafiti mwangalifu huomba pia ratiba za doria.

Kigawanyo kisipopatikana, hapana budi kubuni njia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya kumbukumbu za madereva kusimamishwa na polisi, na mwaka 2020 wakachapisha uchambuzi wa visa karibu milioni 100. Walitaka kujua kama rangi ya dereva huathiri uamuzi wa askari. Hawakujua ni madereva wangapi wa kila rangi hupita barabarani. Kwa hiyo walitumia giza. Usiku askari hawezi kuona vema rangi ya dereva. Walilinganisha saa ileile ya jioni katika majira ambayo bado kuna nuru na majira ambayo giza limekwisha ingia, ili mazoea ya safari yasibadilike sana. Waliona kwamba sehemu ya madereva weusi miongoni mwa waliosimamishwa ilipungua baada ya giza kuingia, dalili ya kuwapo upendeleo.

Njia hiyo hutegemea jiografia. Katika Chicago jua hutua kiasi cha saa 10:20 jioni mwezi wa Desemba na saa 2:30 usiku mwezi wa Juni, saa za huko zikiwa zimesogezwa mbele wakati wa kiangazi. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta, tofauti ya mwaka mzima haifikii saa moja. Kipimo kizuri cha nchi moja chaweza kuwa dhaifu katika nchi nyingine.

Hali ya Afrika Mashariki

Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Tanzania humpa mwenye taarifa siku 30 za kujibu ombi la raia, na ya Kenya siku 21. Katika Kenya haki hiyo imo pia katika ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010. Anayetaka kuomba hana budi kwanza kuijua ofisi husika. Katika Tanzania, faini za makosa ya barabarani husimamiwa na Jeshi la Polisi. Barua iliyopelekwa kwa halmashauri ya wilaya itakuwa imepotea njia.

Hitimisho

Serikali huandika hati za faini ili kuwasimamia wananchi. Mwananchi anayeziomba kwa usahihi na kuzisoma kwa uangalifu aweza kuzitumia kupima jinsi anavyosimamiwa. Kazi hiyo yahitaji barua iliyo wazi, subira, na hesabu ya kugawanya.

Mazoezi

1. Andika ombi la kumbukumbu litakalosaidia kujua kama faini katika mji fulani hutozwa zaidi mwisho wa mwezi. Taja kipindi na safu zinazohitajika.

2. Mtaa wa C una hati 450 kwa doria ya saa 150. Mtaa wa D una hati 320 kwa doria ya saa 80. Ni upi wenye hati nyingi zaidi kwa saa? Taja sababu mbili zinazoweza kuleta tofauti hiyo.

3. Kama namba za magari zingekuwa na tarakimu nne na herufi mbili, zingekuwa ngapi kwa jumla? Je, kufumba kwa hesabu kungekuwa salama zaidi?

4. Jadilini darasani: je, orodha ya majina ya safu za hifadhidata ya serikali ipaswa kuwa siri? Toeni hoja za pande zote mbili.