Degedege na Pepopunda: Majina ya Maradhi na Maana Zinazochelewesha Tiba

Makala haya yanachunguza majina mawili ya maradhi katika Kiswahili kwa nia ya kuonyesha kwamba jina la ugonjwa si kibandiko tu. Ndani yake mna maelezo ya jamii kuhusu chanzo cha maradhi, na maelezo hayo ndiyo humwelekeza mzazi mahali pa kumpeleka mwanawe.

Tuanze na degedege. Kimofolojia, neno hili halina utata mkubwa. Nomino ndege ikitiwa katika hali ya ukubwa huwa dege, na dege likirudufishwa tunapata degedege. Katika pwani ya Kenya na Tanzania iliaminika tangu jadi, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba pepo mwenye umbo la ndege humwingilia mtoto, naye akaanza kutukutika. Jina jingine la hali hiyo ni nyuni, ambalo katika Kiswahili cha kale lina maana iyo hiyo ya ndege. Majina mawili, basi, na mshukiwa mmoja.

Tabibu naye huona mambo mengine. Macho ya mtoto yamegeuka juu, meno yamekazana, viungo vinakakamaa na kutukutika, fahamu zimepotea. Huenda chanzo ni malaria kali iletwayo na vimelea vya Plasmodium falciparum ambavyo huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, au upungufu wa sukari katika damu. Wakati mwingine ni homa yenyewe tu, hasa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Kwa kuwa mzazi hawezi kubainisha chanzo kwa macho, kila saa inayopotea nyumbani ni ya hatari.

Saa hizo hupoteaje? Jibu, kwa maoni yangu, ni la kisemantiki kabla ya kuwa la kitabibu. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliichukulia malaria kuwa homa ya kawaida inayotibiwa kwa dawa za hospitali, ilhali degedege lilikuwa jambo jingine kabisa, la kutibiwa kwanza na mganga kwa mafusho na mitishamba. Isitoshe, ilidhaniwa kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa daktari, degedege ni mojawapo ya dalili za malaria kali. Katika leksimu ya mzazi, maneno hayo mawili hayana uhusiano wowote. Bango linalosema “Malaria hutibika hospitalini” humfikia mzazi huyo likiwa kweli tupu, na halimsaidii hata kidogo.

Niliwahi kusoma, katika ukuta wa zahanati moja, tangazo lililoonya dhidi ya “mitukutiko itokanayo na joto la mwili”. Mwandishi wake alilikwepa neno degedege, pengine kwa kuliona la kishirikina. Nadhani alikosea. Mama anayemkimbiza mtoto usiku hatafuti istilahi sanifu. Anatafuta jina analolijua. Afadhali bango liseme wazi: “Degedege huweza kuletwa na malaria. Mpeleke mtoto hospitalini mara moja.” Liongeze kwamba mtoto alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, wala asishikwe kwa nguvu.

Pepopunda ni kisa cha namna nyingine. Hapa pepo ametajwa waziwazi, akaambatanishwa na punda. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria ambao vijimbegu vyao huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, wakiwemo farasi na punda. Sidai kwamba wahenga walilijua hilo. Huenda ni sadfa tu. Hata hivyo, nusu ya jina inakaribia ukweli kuliko nusu ya kwanza. Vijimbegu hupenya mwilini kupitia jeraha, na kwa mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa udongo au kinyesi cha ng’ombe. Sumu yake hukaza taya, kisha shingo na mgongo, hata mwili ukapinda kama upinde. Mtoto aliyekuwa akinyonya vyema hushindwa kunyonya, na sauti au mguso mdogo humkurupusha. Mtazamaji asiyejua habari za bakteria angekosaje kumfikiria pepo?

Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, na aliyepona hapati kinga, sharti achanjwe. Mama mjamzito akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto aliye tumboni. Nchini Kenya, tangu mwaka 2001, watoto wamekuwa wakipewa chanjo inayokinga maradhi matano kwa pamoja, pepopunda ikiwemo, wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Jina pepopunda limekwisha kuingia katika vitabu vya afya na kadi za kliniki, na halionekani kumzuia mzazi kukubali sindano. Degedege halijabahatika hivyo. Tofauti hiyo inastahili kutafitiwa na mwanafunzi wa isimujamii, naye akaanzie kwa akina mama wanaongojea zamu katika zahanati iliyo karibu naye, awaulize malaria ni nini, kisha awaulize degedege ni nini, na ayaandike majibu yote mawili jinsi yalivyotamkwa.