Chicago Inapoingia Kwenye Masafa Yangu

Hapa Minneapolis ninarusha taarab na habari za jamaa kwenye AM 1690. Sehemu ya 15 ya kanuni za mawasiliano za Marekani inaniruhusu bila leseni, mradi mtambo usizidi miliwati 100, na antena pamoja na nyaya zake isizidi mita 3. Mchana nasikika nyumba za jirani. Jua likizama, mambo hubadilika.

1. Masafa huchaguliwa usiku. Mchana 1690 ni tupu, maana tabaka la chini la ayonosfia, liitwalo D, hunyonya mawimbi ya AM. Tabaka hilo huwepo kwa nguvu ya jua. Giza likiingia hutoweka, mawimbi yakapaa juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndipo WVON ya Chicago inapoingia kana kwamba iko mtaa wa pili, na nyuma yake, kwa kupanda na kushuka, Kigiriki cha CHTO ya Toronto. Anayetafuta masafa asikilize saa tatu usiku, siyo saa sita mchana.

2. Geuza redio. Ndani ya redio ndogo mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na hicho ndicho antena yake. Hushika vizuri mawimbi yanayokuja ubavuni, na yanayokuja nchani huyashika kwa shida. Shemeji yangu aliponipigia kulalamika kwamba Chicago imenifunika, nilimwambia, “Shemeji, izungushe polepole mezani, ncha moja ielekee kusini-mashariki.” Akaizungusha. Chicago ikafifia, Bi Kidude na taarab yake akasikika.

3. Wenye leseni wana haki kwanza. Sisi wadogo haturuhusiwi kuwaingilia, na wakituingilia tunavumilia. Naiona ni haki: wao wanatumikia miji mizima.

4. Andika unachosikia. Daftari langu limenifundisha kwamba dhoruba za jua hufifisha vituo vya kaskazini, na vya kusini vilivyokuwa vimefunikwa hujitokeza. Usikilize hasa saa kamili inapokaribia, kwani ndipo vituo vya Marekani vinapotakiwa kujitaja. Mimi huuzima mtambo wangu dakika chache kabla. Ukiwa unawaka sebuleni, hakuna kingine kinachosikika kwenye 1690.