Mzururaji, mhamaji, mkimbizi: ni mamoja?

SWALI: Hapa Karatina, mfugaji anayepita na ng'ombe, kijana anayelala nje ya soko na familia zilizofurushwa Bonde la Ufa wote huitwa wazururaji. Ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, ndugu msomaji, na kosa hilo huumiza.

Mzururaji ni mtu anayetembea ovyo bila shughuli. Neno lina lawama ndani yake, tena lina historia chungu: serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, na aliyekutwa mjini bila kazi alishikwa kwa uzururaji. Sheria ya uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997, lakini dharau imebaki vinywani.

Mfugaji anayetoka Samburu kuelekea Nanyuki wakati wa kiangazi ni mhamaji. Anajua aendako: kwenye nyasi na maji ya mlimani. Safari yake ina ratiba zaidi kuliko ya wengi wetu.

Kijana wa sokoni? Wengi humwita chokoraa. Mimi silitumii neno hilo, maana asili yake ni kuchokora taka, nalo humfunga mtoto kwenye jalala. Semeni mtoto wa mtaani.

Waliofika hapa Nyeri kutoka Bonde la Ufa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 ni wakimbizi wa ndani. Mkimbizi amekimbia hatari. Huyu wa ndani hakuvuka mpaka wa nchi. Hawakuchagua safari, na wengi waliacha mashamba na nyumba zilizochomwa. Kuwaita wazururaji ni kuwatwika kosa la waliowafukuza.