Somo kwa Wasanii Chipukizi: Biti ni ya Nani?

Mwaka 2004 ilitoka Connected, albamu ya kwanza ya kundi la The Foreign Exchange. Mchanaji, Phonte, alikuwa North Carolina, Marekani. Mtengeneza biti, Nicolay, alikuwa Uholanzi. Walijuana kupitia Okayplayer, ukumbi wa mtandaoni wa wapenzi wa hip hop. Nicolay alikuwa akituma biti kwa intaneti, Phonte anarekodi sauti na kumrudishia. Albamu ilikamilika kabla hawajaonana ana kwa ana.

Vijana wengi wa kaunti yetu hufanya hivyo leo kwa simu: biti inatoka kwa mtu wa kundi la WhatsApp, mistari inarekodiwa chumbani, tena nyingine ni safi kuliko za studio. Matata huanza wimbo ukishapendwa.

Kisheria, hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, hata bila kusajiliwa. Hata hivyo, mkizozana, cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ni ushahidi wa maana, na maombi hufanywa mtandaoni. Mwenzako akikutumia biti, hajakupa umiliki wake. Andikianeni mapema, hata ukurasa mmoja: nani ametunga nini, kila mmoja atapata asilimia ngapi, nani ataupakia wimbo YouTube au kuupeleka Skiza. Tieni sahihi na tarehe. Faili za mwanzo na jumbe mlizotumiana msizifute, hata simu ikijaa. Hizo ndizo zitakazoonyesha nani alitunga nini, na lini.