Siri ya faili ni ya mgonjwa

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni. Mwaka jana mimi na mume wangu tulipima, tukapatikana na virusi vya Ukimwi. Tulianza dawa na nyumba yetu imetulia. Shida ni karani wa faili katika kliniki ninakochukulia dawa. Yeye na mama mkwe wako chama kimoja, na sasa chama kizima kinajua. Wateja wa mahamri yangu wamepungua. Kwa mama mkwe, kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kisichanganyike na vya wengine. Mume wangu asema ninyamaze, maana nikishtaki ndipo Mombasa nzima itajua. Nafikiria kuacha kwenda kliniki. Nina haki gani? – Mama Mahamri*

Kabla ya sheria, dawa. Mama Mahamri asiruke hata siku moja. Anayemeza ARV sawasawa hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe wala kwa mahamri. Ikiwa kuingia kliniki ile kumekuwa mateso, aombe barua ya uhamisho, aendelee na matibabu kwingine. Kuhama hakumpunguzii haki ya kulalamika.

Na haki anayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za hali ya mgonjwa, matibabu yake, hata kule kulazwa kwake tu, ni siri. Siri hiyo hufunguliwa kwa sababu chache: mgonjwa mwenyewe akubali kwa maandishi, mahakama au sheria iagize, au afya ya umma iwe hatarini. Umbea wa chama haumo.

Wengi hudhani kiapo cha siri ni cha daktari peke yake. Sivyo. Sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi, ya 2006, inamkataza mtu yeyote kutoa matokeo ya kipimo cha mwenzake bila idhini ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Karani wa faili yumo, na kukiuka siri hiyo ni kosa la jinai. Kliniki nayo haiponi, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inamtaka anayezitunza azilinde hata dhidi ya wafanyakazi wake mwenyewe.

Serikali pia ilipata kukumbushwa jambo hili. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wanaoishi na virusi. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha. Ikiwa Rais alizuiwa, karani wa Likoni atajitetea kwa lipi?

Hofu ya mume si ya kupuuzwa. Lakini kesi za namna hii huweza kusikizwa bila jina la mlalamishi kutajwa. Mwaka 2013 mahakama ya ajira jijini Nairobi ilimpa ushindi mwanamke aliyepimwa virusi bila idhini yake, kisha akanyimwa ajira ya kudumu kwa sababu ya hali yake. Iliamuru alipwe fidia ya karibu shilingi milioni 7. Hadi leo, katika vitabu vya sheria, anajulikana kwa herufi tatu tu: VMK.

Mama Mahamri aanze kwa daftari. Aandike nani alimwambia nini, siku gani, na nani alikuwepo. Kisha amwandikie msimamizi wa kliniki, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na aulize ni nani walioishika faili yake. Asipojibiwa, kuna milango miwili. Mmoja ni Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo hupokea malalamiko hata kwa mdomo, hupaswa kuyamaliza ndani ya siku 90, na inaweza kuamuru fidia. Wa pili ni jopo maalumu la kesi za Ukimwi, lililoundwa na ile sheria ya 2006. Akikosa pesa za wakili, KELIN husaidia watu katika mambo kama haya.

Mama mkwe hafai kupelekwa mahakamani, kwa maoni ya safu hii. Huyo ni wa mwanawe. Mume anayeomba kimya ndiye mwenye kwenda kuketi na mamake, amweleze kwamba yeye pia anameza dawa zile zile, na kwamba mkewe hakumletea mtu aibu. Akipenda, amwombe mshauri wa kliniki mpya waende pamoja.

Barua kwa kliniki nayo iandikwe wiki hii, wanachama waliosikia wakiwa bado wanakumbuka nani alianza.