Penye Miti Hapana Wajenzi



Wapendwa, methali hii nimeielewa nikiwa seminarini. Kutoka chumbani kwangu hadi kanisani ni mwendo wa dakika mbili. Misa Takatifu ipo kila siku, na kila Jumamosi yupo padre wa kuungamisha. Hata hivyo, mwaka jana nilikaa miezi miwili bila kuungama. Niliona aibu kupeleka dhambi ileile kwa padre yuleyule. Kila Jumamosi nilijiambia, "Wiki ijayo."

Likizo ilipofika, nilitumwa kwenye kigango ambacho padre hufika mara moja kwa mwezi. Siku hiyo, waamini walikuwa wamepanga foleni ya kitubio tangu asubuhi na mapema. Bibi mmoja akanipisha: "Frateri, pita mbele yangu, wewe una kazi nyingi." Nilikosa la kusema. Nikasimama nyuma yake.

Aristotle anatufundisha kwamba kitu chaweza kuwapo katika uwezekano au katika utendaji. Punje ya mahindi ni mmea katika uwezekano. Ikibaki ghalani, haizai. Siku ya Kipaimara tulipokea mapaji saba: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Je, hatujayaacha ghalani?

Mfano huu una mpaka wake. Neema si mali yetu ya kuzaliwa. Ni zawadi, na Mungu ndiye anayeanza. Lakini hatulazimishi. Kanisa linafundisha kwamba sakramenti hutenda kwa nguvu ya Kristo, wala si kwa utakatifu wa padre, ila matunda yake hutegemea pia moyo wa anayepokea. Ndiyo maana Mtume Paulo anamhimiza Timotheo aichochee karama aliyokwisha kuipokea (2Tim 1:6). Moto upo, kazi yetu ni kuuchochea.

Tufanye nini basi?

1. Kitubio. Sheria ya Kanisa (Kanuni 989) inatudai kuungama dhambi kubwa walau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini. Jiwekee siku moja kila mwezi. Dhambi inayojirudia ni sababu ya kurudi kwa Bwana, si ya kumkimbia.

2. Neno la Mungu. Soma Injili ya siku kabla ya kushika simu asubuhi.

3. Ekaristi Takatifu. Fika kanisani dakika 10 kabla ya Misa, ukae kimya mbele ya tabernakulo. Mwambie Yesu shida moja ya kweli uliyo nayo.

Tangu likizo ile ninaungama kila mwezi. Aibu haijaisha, lakini hainizuii tena.

Swali la kutafakari: ni zawadi gani ya Mungu iliyo karibu nawe, ambayo kila wiki unaiambia, "Wiki ijayo"?