Ofisi ya Mama Nyumbani

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya mama afanyaye kazi ya ujira akiwa nyumbani mwake. Hatusemi sasa juu ya kupika, kufua na kulea, ingawa hizo nazo ni kazi, tena kubwa. Twasema juu ya mama aandikaye hesabu za maduka, au atafsiriye maandiko, au afundishaye kwa njia ya intaneti, au apokeaye kwa simu maagizo ya wateja wake.

Watu hawa si wachache. Shirika la Kazi Duniani lilieleza katika mwaka 2021 ya kuwa mwaka 2019, kabla ya ugonjwa wa Korona kuwarudisha wengi majumbani, watu wapatao milioni 260 walikuwa wakifanya kazi zao nyumbani, na katika hao milioni 147 walikuwa wanawake. Hata hivyo kazi yao haionekani. Mtu aendaye mjini asubuhi akarudi jioni, wote husema, "Ametoka kazini." Bali mama aliyeketi mezani tangu asubuhi huambiwa, "Maadamu upo, nishikie mtoto." Basi shida yake ya kwanza si kukosa meza. Shida ni kwamba nyumba haijui kazi yake yaanza wapi na kuishia wapi. Kwa hiyo ofisi yake yahitaji mipaka mitatu: mahali, saa, na fedha.

1. Mahali. Si lazima chumba kizima. Pembe moja yatosha, mradi isiwe njia ya watu, wala isiwe karibu na moshi wa jiko. Meza iwekwe hata dirisha liwe ubavuni. Likiwa mbele, mwanga huumiza macho, na likiwa nyuma, hung'aa juu ya kioo cha kompyuta. Kiti kiwe cha kimo cha kuvifanya viwiko vilingane na meza, na nyayo zikanyage chini. Zisipofika, kibao kiwekwe chini yake. Ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, nacho kiwe mbali kadiri ya urefu wa mkono. Vyombo vingi visichomekwe katika waya mmoja wa umeme, na nyaya zifungwe nyuma ya meza, watoto wasizifikie. Penye LUKU, uniti ziangaliwe tangu jioni, umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Na kila siku ikiisha, daftari na vyombo viingie katika kabati moja lenye ufunguo. Kabati likifungwa, watu wa nyumbani wajue ya kuwa ofisi imefungwa.

2. Saa. Mama asidhani ya kuwa atafanya kazi mchana kutwa na kumlea mtoto mchanga papo hapo. Mtoto mchanga hajui ofisi. Afadhali azihesabu saa zilizo tulivu kweli: pengine saa 3 mpaka saa 6, wakubwa wakiwa shuleni na mdogo akiwa kwa bibi yake, tena saa 8 mpaka saa 10, mdogo akilala. Hizo ni saa 5, nazo zikitunzwa hufaa kuliko saa 10 zilizokatwakatwa. Mlezi wa mtoto atafutwe kwa mapatano, na akiwa wa kuajiriwa alipwe kwa haki. Lakini haifai kabisa binti azuiliwe shule ili amshike mdogo wake. Hapo faida ya mama imenunuliwa kwa hasara ya mtoto. Saa hizi ziandikwe na kubandikwa mlangoni, na baba wa nyumba awe wa kwanza kuziheshimu; maana watoto hufuata waonayo kwa baba yao.

3. Fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo mengi hupita katika simu, na kwa hiyo ni rahisi fedha za kazi kuchanganyika na za sokoni. Yafaa kazi iwe na laini yake ya simu, na daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mteja, kilichoingia, kilichotoka. Tutoe mfano. Mama amepokea shilingi 200,000 kwa mwezi. Ametoa 40,000 kwa bando na umeme, na 70,000 kwa mlezi. Basi pato lake ni 90,000, wala si 200,000. Akiwa ameketi kazini saa 5 kwa siku 20, yaani saa 100, saa yake moja imempa shilingi 900. Mama ajuaye hesabu hii aweza kusema na mteja juu ya bei bila kubahatisha.

Naye amfanyiaye kazi mwajiri aombe mapatano yaliyoandikwa. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 177, usemao kwamba wafanyao kazi nyumbani watendewe sawasawa na wafanyakazi wengine katika ujira, usalama na afya, na ulinzi wa uzazi. Si mataifa yote yaliyouridhia. Lakini mama akiujua, ajua pia ya kuwa aombapo haki hiyo haombi hisani.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya akina mama, na akina baba wawepo:

1. Nyumbani mwako, nani huikatiza kazi ya mama mara nyingi, na kwa sababu gani?
2. Ni saa ngapi za siku zilizo tulivu kweli?
3. Mwezi uliopita, kazi ya mama ilileta pato gani baada ya kutoa gharama zote? Kama hakuna ajuaye, daftari lianzishwe leo.